Ugonjwa wa Utumbo Uandikwe Wote

(Maneno yaliyosemwa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya afya.)

Tumeombwa tuzungumze juu ya makaratasi ya hospitali. Pengine mtu atasema, hayo ni kazi ya hospitali, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Mgonjwa akiruhusiwa, faili hubaki hospitali, naye huja nyumbani na daftari tu. Na kikundi kikiombwa mchango, hicho kilichoandikwa humo ndicho mtakachokisoma.

Tumechagua ugonjwa mmoja ili tuelewane: ule wa utumbo kuvimba miaka na miaka. Uko wa aina mbili kubwa. Mmoja huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, ambaye pamoja na wenzake wawili aliueleza mwaka 1932. Huo waweza kushika mahali popote tangu mdomoni mpaka njia ya haja kubwa, lakini mara nyingi hushika mwisho wa utumbo mwembamba. Wa pili ni ule wa vidonda vya utumbo mpana. Hauambukizi huu wala ule. Hutulia, halafu huamka tena.

Taabu yake ni kwamba unafanana na magonjwa tuliyoyazoea. Tuseme mama mmoja anahara damu. Zahanati ya kwanza inampa dawa ya amiba. Baada ya miezi miwili anahara tena, anaenda kwingine, anaambiwa ni taifodi. Mara ya tatu amiba tena. Kila mahali amenunua daftari jipya, na kila daftari limeandikwa "kuhara", basi. Nani ataona kwamba hili ni jambo moja la mwaka mzima? Hata daktari hodari hawezi kusoma daftari lililobaki chini ya godoro.

Wala tusirukie upande wa pili tukadai kila anayehara ana Crohn. Kifua kikuu nacho huingia utumboni, na kwa macho vinaweza kufanana kabisa. Dawa ya kutuliza uvimbe, kama prednisoloni, yaweza kumdhuru vibaya mtu mwenye amiba au kifua kikuu kisichotibiwa. Ndiyo sababu daktari hupima choo, huchungulia utumbo kwa kamera, na kukata kipande kidogo kipelekwe maabara. Majibu ya kipande hicho yatunzwe kama cheti cha shamba.

Sasa tuje kwenye namba. Kila ugonjwa una namba yake katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Wengine huiita "kodi", na mzee akisikia hivyo hudhani anadaiwa ushuru! Sisi tutasema namba ya ugonjwa. Katika toleo la 10 la orodha hiyo, Crohn ni K50, vidonda vya utumbo mpana ni K51, amiba ni A06, na kifua kikuu cha utumbo ni A18.3. Toleo la 11, lililoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, limewapa hao wawili wa kwanza DD70 na DD71.

Anayeweka namba mara nyingi ni karani wa rekodi, na hakumwona mgonjwa. Yeye hufuata maneno ya daktari. Marekani, ambako tangu 1 Oktoba 2015 wanatumia toleo la 10 lililoongezewa tarakimu, jambo hili linaonekana wazi. Crohn ya utumbo mwembamba bila matatizo ni K50.00. Utumbo ukiziba ni K50.012. Ukitoboka njia isiyo ya kawaida, yaani fistula, ni K50.013. Kukiwa na jipu ni K50.014. Daktari akiandika "Crohn" peke yake, bila kutaja mahali wala tatizo, namba inakuwa K50.90: mahali hapajulikani, tatizo hakuna. Na huku mgonjwa amelala na tumbo lililoziba! Kwenye karatasi, mtu aliyepasuliwa na mtu aliyepewa vidonge akaenda nyumbani wanakuwa sawa. Anayelipa gharama atauliza kwa nini pesa ni nyingi hivyo, na anayehesabu wagonjwa ili apange dawa na mafundi wa kamera atahesabu vibaya.

Huku kwetu NHIF iliondoka, na tangu 1 Oktoba 2024 mambo hayo yako chini ya SHA, lakini hospitali bado hudai malipo kwa maandishi. Basi mgonjwa akiruhusiwa, aliyemsindikiza aulize kwa adabu: "Daktari, tafadhali tuandikie ni aina gani, iko sehemu gani, na kuna tatizo gani." Hilo si ubishi. Aombe pia tarehe, na kama alipasuliwa, ni sehemu gani ya utumbo iliyotolewa. Mtu aliyetolewa kipande kirefu cha mwisho wa utumbo mwembamba huenda akahitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote, na atakayemhudumia baada ya miaka kumi hatajua asipoambiwa.

Mwaka ugonjwa ulipoanza nao uandikwe. Utumbo mpana ukikaa na vidonda muda mrefu, hatari ya saratani huongezeka, na madaktari kwa kawaida huanza kuchunguza kwa kamera mara kwa mara baada ya miaka 8 hivi. Bila mwaka wa kwanza, nane itahesabiwa kutoka wapi?

Macho kuwa mekundu na kuuma, viungo kuvimba, ngozi kutoka manundu yenye maumivu: haya pia yaweza kuwa ya ugonjwa huu huu. Mgonjwa akienda kwa daktari wa macho, aende na daftari lile lile la tumbo.

Neno moja kwa waweka hazina. Daftari la mgonjwa ni siri yake. Kamati ikihitaji kuhakikisha gharama, mtu mmoja aliyekubaliwa na mgonjwa alisome, wala lisizungushwe mkutanoni. Watu huona haya kusemwa habari za choo chao, na mtu akiona haya ataficha daftari, tutarudi kule kule chini ya godoro. Karatasi za maabara zitiwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na daftari, na majina ya dawa yaandikwe na kiasi chake. Prednisoloni iliyotumika kwa wiki nyingi haiachwi ghafla, hivyo anayempokea mgonjwa usiku, hata katika zahanati asiyoijua, lazima ajue kwamba anaitumia.