Jina la Kisimbuzi na Namba Yake: Mada kwa Wenye Nyumba za Kulala Wageni, Nyakanazi



Nyakanazi ni mji wa njia panda. Magari ya mizigo yatokayo Kahama kuelekea Rusumo hupita hapa, na yale ya Kibondo na Kakonko hukutana nayo hapa hapa. Dereva anayelala hutaka maji ya kuoga, mahali salama pa gari lake na, siku ya mechi, televisheni inayoonesha. Ndiyo maana nyumba yenye vyumba kumi na viwili yaweza kuwa na visimbuzi kumi na viwili, au ving'amuzi kama wengi wetu tunavyoviita, vyote vya aina moja na rangi moja. Kifaa kilichozoeleka sebuleni kimekuwa mtaji wa biashara, lakini namna ya kukitunza imebaki ile ya sebuleni.

Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia tarehe 31 Desemba 2012, mtazamaji alikuwa amezoea antena isiyo na namba wala akaunti. Kisimbuzi cha kulipia ni kitu kingine. Mtambo wa mtoa huduma ukipokea fedha hautazami chumba wala sura ya mlipaji, hutazama namba. Mhudumu wa zamu akiingiza kwenye simu namba ya chumba cha tatu badala ya ile ya chumba cha saba, kifurushi hufunguka chumba cha tatu, ambacho pengine usiku huo hakina mtu, na mgeni wa chumba cha saba hubaki akisoma maandishi ya kumtaka alipie. Fedha haikuibwa na mtambo haukukosea. Kisha mwisho wa mwezi mhudumu hukatwa mshahara. Hili la mwisho halituridhishi hata kidogo, kwa kuwa mhudumu huyo alipewa vifaa kumi na viwili visivyo na majina.

Tunashauri kila nyumba iwe na kanuni moja ya majina, ili jina lijitunge lenyewe kuliko kila zamu kubuni lake. Chukueni herufi moja ya jengo, namba ya chumba, na tarakimu nne za mwisho za kadi. Kisimbuzi cha jengo la mbele, chumba cha saba, ambacho kadi yake inaishia na 4183, kitaitwa M-07-4183. Kwa nini tarakimu za mwisho? Kwa sababu visimbuzi vilivyonunuliwa pamoja mara nyingi hufanana namba mwanzoni, na kanuni inayochukua mwanzo itazaa mapacha. Tarakimu nne zikigongana, chukueni sita. Kisimbuzi kisicho na kadi kina namba yake kwenye karatasi iliyobandikwa chini au nyuma ya kifaa.

Mwenye kompyuta ataweka jengo, chumba na namba katika safu tatu za jedwali, kisha ataiagiza safu ya nne iunganishe. Kisimbuzi kikihamishwa hubadilishwa namba ya chumba tu, na jina hujirekebisha. Daftari la mistari hufanya kazi ile ile, ilimradi kalamu ipatikane. Jina hilo liandikwe juu ya kifaa kwa wino usiofutika, na namba kamili ihifadhiwe chini ya jina hilo hilo katika simu inayofanyia malipo.

Upo upande wa pili, wa televisheni na visimbuzi vinavyotumia intaneti. Vingi hutoka kiwandani vikiwa na jina la toleo lake, hivyo mgeni anayetaka kurusha picha za simu yake kwenye skrini huona majina matano yanayofanana. Akibahatisha, picha za harusi ya dada yake zitatokea chumba cha jirani. Ingieni sehemu ya mipangilio, mbadilishe jina kwa kanuni ile ile, lakini hapa acheni tarakimu za kadi, M-07 inatosha. Ruta nyingi pia hukubali kufunga jina kwenye anwani ya kudumu ya kifaa, yenye herufi na tarakimu 12. Sita za kwanza humtambulisha mtengenezaji; msizitumie kutofautisha vifaa vya kampuni moja.

Jina la mgeni lisiingie kamwe katika jina la kifaa. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo, nani alilala chumba gani si habari ya kuoneshwa kwenye simu ya mpita njia.

Malipo yakienda kusikotakiwa, mpigieni kwanza mtoa huduma mkiwa na ujumbe wa muamala, namba iliyolipiwa na namba iliyokusudiwa, kabla kifurushi hakijatumika siku nyingi. Ombeni namba ya kumbukumbu ya lalamiko na muiandike katika daftari la visimbuzi, mbele ya jina la kifaa. Msiporidhika na majibu, leteni nakala ya ukurasa huo katika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ofisi yetu ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza.