Bunge, Mahakama na Binti Yetu



Wapendwa viongozi na waumini, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba, hali mvulana alitakiwa kutimiza 18. Katika shauri la Rebeca Gyumi, tarehe 8 Julai 2016, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinapingana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufani, ikidai sheria hiyo ilizingatia mila na dini. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani iliitupilia mbali rufani hiyo.

Hata hivyo, mwaka mmoja baada ya hukumu hiyo ulipita bila Bunge kubadili sheria. Majaji hufasiri Katiba. Wabunge hutunga sheria. Hatuombi mmoja atwae kazi ya mwenzake. Lakini mmoja anaponena na mwingine akanyamaza, anayeumia ni mtoto.

Nasi hapa Rwamgasa tusijifiche nyuma ya ukimya huo. Binti anapotolewa shuleni kwa ajili ya ng'ombe wa mahari, au kwa fedha ya machimboni, ridhaa hutoka nyumbani mwetu. Basi tumwulize mbunge wetu, na kila jumuiya imwambie baba kabla mahari haijapokelewa: mwache mtoto asome. Haki iliyotamkwa mahakamani ianze kutendwa mezani petu.