Jiwe, Msala na Mkono wa Fundi
Hotuba ya mkulima na mchonga mawe wa Bweni, Mafia, mbele ya wanachama katika sherehe ya miaka kumi ya Chama



Kamati imeniomba niseme machache juu ya kazi yangu ya kuchonga mawe. Mimi si mtu wa maneno. Lakini kwa miaka kumi mmenivumilia nikiuliza bei ya mbata katika kila mkutano, basi nadhani mtanivumilia na leo nikieleza habari za patasi.

Kama wengi wa Bweni, mimi ni mkulima asubuhi na fundi alasiri. Baada ya sala ya alfajiri huenda shamba kupalilia muhogo na kukusanya nazi. Jua likipanda hurudi chini ya mwembe, na hapo jiwe huwa linaningoja. Kwanza hulimwagia maji ili vumbi lisiniingie machoni. Kisha hulipima kwa uzi, nikachora mistari kwa mkaa, nikaifuata kwa patasi nyembamba, pigo dogo dogo. Mwenye haraka hulipasua jiwe, na jiwe lililopasuka haliungwi kama kamba.

Watu huniuliza nakshi hizi nimezitoa wapi. Nimetembea katika magofu ya Kua, kisiwani Juani, nikaona jinsi wazee walivyoshikamanisha mawe kwa chokaa. Nimefika pia Kizimkazi, Unguja, katika msikiti ambao kibla yake ina maandishi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107. Huko nilijifunza heshima ya kazi. Lakini nakshi zenyewe nilifundishwa na mama yangu mzazi, naye hakupata kushika nyundo maisha yake yote.

Mnajua kwamba wanawake wa Bweni wana sifa ya kusuka misala. Nilipokuwa mtoto nilimshikia mama ncha ya ukili, naye alihesabu kwa sauti ya chini: huu upite juu, ile miwili ipite chini. Akikosea mmoja, hufumua mkono mzima akaanza upya. Kwa hiyo nilijua hesabu kabla sijaingia shule. Hata leo nikichonga ukingo wa mlango hujikuta nahesabu kwa sauti ile ile ya mama.

Sasa nitasema jambo ambalo si la kujisifu. Mawe yetu ni ya namna mbili. Liko tumbawe la baharini, ambalo likiwa bichi hukatika kwa wepesi, nalo likipigwa na upepo huwa gumu. Na liko jiwe la nchi kavu, ambalo ni tumbawe la kale mno lililogeuka mwamba. Hilo ni gumu, lina matundu mengi, na huvunja vyuma. Katika miaka ya 1980, nilipokuwa kijana, nililipenda la baharini. Maji yakipwa nilikwenda na mtaimbo, nikang'oa, nikauza kwa wajenzi na kwa wachoma chokaa, nikabakiza mazuri kwa nakshi.

Siku moja mjomba wangu, aliyekuwa mvuvi, alinichukua kwa ngalawa mpaka pale nilipozoea kukata. Hapakuwa na kitu ila vifusi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, sasa madema yake akayatege wapi. Sikuwa na jibu, wala sina hata leo.

Wenzangu, tumbawe kubwa la namna ile hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwaka. Basi jiwe la kimo cha nusu mita lilikuwa na umri wa miaka kama hamsini, nami nililing'oa kabla ya adhuhuri. Bandu bandu huisha gogo. Mwaka 1995 ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza katika Tanzania, wako waliosikitika; mimi nilikuwa nimekwisha kuuweka mtaimbo.

Tangu hapo nachonga jiwe la nchi kavu tu. Kazi iliyokuwa ya siku tano sasa ni ya wiki mbili, na nakshi imenibidi kuikuza ili iepuke matundu. Wateja wengine wameniacha wakafuata matofali ya saruji, nami siwalaumu. Linaloniumiza ni jingine: mwanangu wa kwanza yuko Dar es Salaam, wa pili hapendi vumbi, na mkono wangu umeanza kutetemeka.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, asiwepo mwanachama atakayeng'oa tumbawe lililo hai, wala atakayechukua mawe ya magofu, awe anajenga au anachoma chokaa. La pili, Chama kitakapojenga ghala, mlango wake mmoja uwe wa jiwe la kuchonga, na wauchonge vijana wawili chini ya mkono wangu. Sitaki ada, nataka wavumilivu. Akija binti sitamkataa, maana hesabu ya msala anayo tayari.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kazi hii naweza kuuziba nikiwa hai, lakini si peke yangu. Jiwe lisiloshikwa na chokaa huanguka kwa mvua ya kwanza, na ninyi ndiyo chokaa yangu.