Redio inatuonea, ao sikio letu lina upande?

(Maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanamemba, Baraka)



Tunapotembelea vijiji, kuanzia Baraka hadi Ubwari, neno moja tunalisikia karibu kila mahali: "Redio inatuonea." Waliorudi kutoka Nyarugusu na Lugufu wanasema redio inatetea waliobaki. Waliobaki nao wanasema redio inawasikiliza waliorudi tu, juu wako na HCR nyuma yao. Na mara nyingi wote wanalalamikia habari moja, ya shamba moja.

Basi nani anasema kweli?

Jambo hili si la Fizi peke yake. Mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio lao. Waliwaonyesha wanafunzi habari za televisheni juu ya mauaji ya Sabra na Shatila, kule Beirut, ya mwaka 1982. Waliounga mkono Israeli walisema habari zinaonea Israeli. Waliounga mkono Waarabu walisema zinaonea Waarabu. Na picha zilikuwa zilezile! Mwenye kidonda anashika neno linalomuumiza. Lile linalomtetea linapita tu.

Lakini tusiseme basi ni masikio tu. Redio zenye kuonea kweli zipo. RTLM ya Rwanda ilichochea mauaji ya Watutsi mwaka 1994, na mahakama ya Arusha ikawahukumu waanzilishi wake wawili mwaka 2003. Tena wenye nguvu nao wanalalamika: Julai 2009 serikali yetu ilikata mawimbi ya RFI ikilaumu habari zake juu ya jeshi. Yalirudi Oktoba 2010.

Kwetu hapa uonevu mkubwa tunaouona ni kimya. Mwandishi yuko Bukavu ao Uvira, barabara ni mbaya, usalama hakuna. Anapigia simu anayejulikana: msemaji wa jeshi, mkubwa wa teritwari, shefu. Mama aliyerudi akakuta shamba lake linalimwa na mwingine, namba yake mwandishi hana. Hata yule anayelilima, hakuna aliyemuuliza. Kila neno linaweza kuwa la kweli, na bado habari ikalala upande mmoja.

Juu ya nini hili lituhusu sisi wa mitualite? Ni kwa sababu hapa habari inahamisha watu. Tulikimbia 1996, tukakimbia tena 1998. Tangu 2005 wengi walirudi kwa meli kutoka Kigoma. Mtu akishaamini kwamba redio ni "ya wale", haamini tena hata tangazo la kipindupindu. Anashika uvumi wa ufukweni, na usiku jamaa nzima inapanda mtumbwi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Kila kijiji kichague watu wanne, wawili waliorudi na wawili waliobaki. Pale inapowezekana, Mubembe, Mubwari na Munyamulenge wakae pamoja. Wasikilize habari moja, ya Radio Okapi ao ya redio ya hapa, na kila mtu aandike kwenye daftari kabla ya kubishana:

1. Nani alipewa nafasi ya kusema?
2. Nani alitajwa bila kuulizwa?
3. Neno gani limeniumiza, na je, wenzangu wamelisikia vilevile?

Wakikuta mtu ameachwa, waipigie redio simu kwa heshima, waseme nani aulizwe na atapatikana wapi, kama mwenyewe amekubali. Matusi hayaleti mwandishi kijijini.

Wafadhili wetu, tunachoomba si kikubwa: redio ndogo za jua, madaftari, na uniti za simu.

Tukionewa kweli, tutakuwa na ushahidi mkononi. Na kama ni sikio letu limeinama, jirani ndiye atatuambia, sisi kwa sisi, bila ugomvi. Vijiji vinavyotaka kuanza viandikishe majina kwa sekretari leo kabla ya kutawanyika.