Tusome Pete za Rangi Kabla ya Kuunga

Ndugu wanakisomo, juzi tuliunda amplifaya ndogo ya hedifoni, ya betri ya volti 9. Tulipowasha, sauti ilitoka kwa kishindo, inakwaruza. Bahati hedifoni ilikuwa mezani, siyo masikioni.

Kosa letu wenyewe. Tulitaka rezista ya omu 2,000, tukaunga ya 20,000. Zote zina pete tano, zinaanza nyekundu, nyeusi, nyeusi. Pete ya nne ndiyo inayotenganisha: kahawia kwa 2,000, nyekundu kwa 20,000. Kwa taa ya usiku, nani atazijua? Basi, ikishirikiana na ya omu 1,000, ya kwanza hukuza mara 3, ya pili mara 21. Betri haiwezi, ndipo sauti hukwaruza.

Nunueni za utando wa metali. Za kaboni huleta mchakacho. Ila kila moja ipimeni kwa mita kabla hamjaichomea risasi.