Gari la Haibridi kwa Mnunuzi wa Morogoro: Mafuta, Betri na Matengenezo

1. Gari lenyewe
Gari la haibridi huendeshwa na injini ya petroli na mota ya umeme zinazosaidiana. Toyota ilianza kuuza Prius nchini Japani mwaka 1997, na mwishoni mwa 2011 ikatoa Aqua, iliyo ndogo zaidi. Haibridi za kawaida hazichomekwi kwenye umeme. Betri huchajiwa na injini, na pia dereva anapofunga breki, kwa kuwa wakati huo mota hugeuka jenereta.

2. Unafuu wa mafuta
Unafuu hutegemea njia. Msamvu, mjini Morogoro, zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, magari husimama na kuondoka kila mara. Hapo gari la kawaida huunguza petroli likiwa limesimama, ilhali la haibridi huzima injini na kuondoka kwa umeme. Katika safari ya Dar es Salaam, karibu kilomita 190, injini hufanya kazi muda mwingi na unafuu hupungua.

Kwa mfano, anayetembea kilomita 1,200 kwa mwezi kwa gari la kilomita 12 kwa lita hutumia lita 100. Akiwa na haibridi ya kilomita 20 kwa lita, hutumia 60. Lita 40 zilizookolewa zikizidishwa kwa bei kikomo ya mwezi husika ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hupatikana kiasi cha kulinganisha na tofauti ya bei za magari hayo, kodi ikiwemo.

3. Milima na barabara za vumbi
Kwenye mteremko wa milima ya Uluguru, betri hujaa mapema na kuacha kupokea umeme. Dereva anayeshuka kutoka Mgeta aweke gia kwenye B, injini isaidie kulizuia gari, breki zisipate moto. Aidha, Prius na Aqua ziko chini, hivyo haziwafai wanaopita kila siku kwenye mashimo na makorongo.

4. Betri
Betri kubwa, inayoendesha mota, hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Tundu likizibwa na vumbi au mizigo, betri hupata joto na kuchakaa upesi. Kabla ya kulipia gari lililotumika, fundi apime betri kwa kompyuta, akague tundu hilo na feni yake. Nyaya za rangi ya machungwa hubeba umeme mkubwa, asiyefunzwa asiziguse.

5. Hitimisho
Haibridi inamfaa anayezunguka zaidi mjini, aliyekwisha kumpata fundi anayeijua na aliyetenga fedha za kubadilisha betri itakapochakaa. Anayesafiri zaidi barabara kuu au kupanda vijiji vya milimani anunue gari la kawaida lililo imara na lenye vipuri vinavyopatikana karibu.