Mkono Unaovimba Baada ya Upasuaji wa Titi

Leo nazungumza na mama aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na pia na binti, dada au mama mkwe anayemtunza nyumbani.

Mama anapasuliwa Garissa au Nairobi, anarudi Elwak, majirani wanakuja kumjulia hali na kumshukuru Mungu. Baada ya miezi anaona bangili inabana. Mkono wa upande ule umevimba. Nyumbani watu wanashtuka: ugonjwa umerudi, au ni jicho la watu.

Mara nyingi sababu ni nyingine. Kwapani kuna tezi ndogo zinazopitisha maji ya mwili kutoka mkononi. Saratani ya titi hupenda kupitia hapo, kwa hiyo daktari huondoa baadhi ya tezi hizo. Njia zikipungua, maji hubaki mkononi. Uvimbe unaweza kuja baada ya wiki chache, au hata baada ya miaka. Lakini uvimbe wowote mpya uonyeshe hospitali, kwani mara chache huwa ni damu iliyoganda kwenye mshipa, au saratani yenyewe.

Mada hii niliichagua kwa sababu ya mama mmoja niliyemtembelea. Nilikuta mama mkwe wake ameshaweka msumari kwenye makaa, auchome ule mkono uvimbe utoke. Sikugombana naye, maana alitaka kumsaidia mtoto wa watu. Nilimweleza kwamba mkono ule umepoteza walinzi wake. Kila kidonda ni mlango wa vijidudu, na vijidudu vikiingia uvimbe huzidi. Basi usiuchome, usiuchanje, usiupige chuku. Ukichomwa na mwiba, osha kwa sabuni na maji safi, ufunike. Ngozi ya kwapa na ya ndani ya mkono mara nyingi hufa ganzi, kwa hiyo sufuria ya moto inaweza kukuunguza usisikie. Hina ya kawaida haina neno kama ngozi haina mikwaruzo, lakini ile nyeusi iliyochanganywa na dawa ya nywele iache.

Na maji? Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Wiki sita za kwanza wachote wengine, na hapa nawaambia wanaume na vijana wa nyumba hiyo waziwazi: hiyo ndiyo kazi yenu. Baadaye mama aanze na lita 3, kisha 5, akiongeza polepole.

Lakini usiufunge mkono kwenye mtandio ukae tu. Bega litakauka, na utashindwa hata kuchana nywele. Tangu siku za kwanza kunja na kunjua vidole na kiwiko. Daktari akishatoa mrija wa maji, simama mbele ya ukuta, pandisha vidole taratibu mpaka pale unapovuta, si pale panapouma sana, kisha shusha. Fanya mara 5, asubuhi na jioni. Kama unaishi kwenye herio lisilo na ukuta, shina la mti linatosha. Ukiona kusujudu kunaumiza, swali ukiwa umeketi mpaka upone.

Wiki za kwanza maji yanaweza kujikusanya chini ya kovu, ukiguza unahisi kama kiriba kidogo. Usitoboe kwa sindano wala wembe. Yakiwa machache mwili huyanyonya wenyewe. Yakiwa mengi hutolewa hospitali kwa sindano safi.

Wewe unayemtunza, chukua uzi. Kila Ijumaa zungusha mkono mmoja, vidole vinne juu ya kiwiko, weka alama, kisha pima wa pili mahali palepale. Uzi ukionyesha tofauti inayokua wiki hadi wiki, mlete mapema. Uvimbe mdogo hutulizwa kwa urahisi kuliko uliokomaa. Bandeji ya kubana afungwe na aliyefunzwa.

Akiwa na homa, mkono ukawa mwekundu na wa moto, au kidonda kikatoa usaha, mlete hospitali ya hapa Elwak siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Usingoje basi la Garissa. Akikosa pumzi au kifua kikimuuma, usingoje hata saa moja.